Hebu Nionjee Rangi

Habari za jioni, msikilizaji?

Nzuri. Nimekusikia. Huenda umerudi kutoka kazini miguu inawaka moto, kwenye daladala ulisimama mwanzo wa safari mpaka mwisho, mtoto anakohoa tangu juzi, na umeme umekatika unanisikiliza kwa betri. Lakini nimekuuliza habari, nawe umejibu: nzuri. Hukusema uongo. Umejibu salamu kama adabu inavyotaka, na habari zenyewe zitafuata tukishakaa.

Neno hilo, "nzuri", ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii. Leo tuzungumze juu ya mtu anayebuni kitu chake mwenyewe. Labda anachora kadi ya mwaliko. Labda anapaka kibao cha genge lake. Labda anapanga mchoro wa kanga ya familia. Akifika katikati anataka wenzake wamwambie rangi zimekaaje, na vitu vimepangikaje. Basi anaitoa kazi yake, anauliza, "Vipi?" Anajibiwa, "Nzuri." Anakwenda zake ameridhika. Kumbe, ndugu yangu, amesalimiwa tu.

Nalijua hilo kwa sababu limenikuta.

Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa, nami nikajitolea kuchora kanga ya sare. Sijawahi kuchora kanga, lakini nilijipa moyo: nimezaliwa ndani ya kanga, nimebebwa kwa kanga, nitashindwaje? Nikakaa wiki mbili na penseli, kisha rangi. Nilipomaliza nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo kwenye simu, nikauliza, "Mnaionaje?" Majibu yakamiminika. Nzuri. Nzuri sana. Hongera. Mashallah. Mioyo myekundu, makofi, vidole gumba. Nikajiona fundi.

Mtu mmoja hakuandika kitu: shangazi yangu, ambaye ameuza kanga Kariakoo tangu mimi sijaota meno. Jioni akapiga simu. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Aliuliza, "Mwanangu, hii ni sare ya harusi au ni ya Yanga?"

Msikilizaji, nilikaa chini. Pindo la kanga yangu lilikuwa kijani, limetiwa maua ya njano. Wiki mbili nilikuwa naona majani na maua. Shangazi, kwa mtupo mmoja wa jicho, aliona uwanja wa mpira. Akaendelea: "Na jina umeliandika kwa nyekundu. Yaani umempandisha Simba mgongoni mwa Yanga, siku ya harusi! Na wasiopenda mpira watadhani tunakwenda kwenye kampeni ya CCM."

Kundi zima la ukoo liliiona picha ile ile. Kwa nini mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia? Shikilia swali hilo, maana tutalirudia.

Kwanza tuiweke kanga mbele yetu. Wewe unaijua, lakini leo tuitazame kwa jicho la mchoraji. Kuna pindo, lile linalozunguka pande zote nne. Kuna mji, ule uwanja wa katikati. Na kuna jina, maneno yanayokaa ndani ya mji, upande wa chini, karibu na pindo. Pindo, mji, jina. Hapo ndipo penye kazi yote ya mpangilio: pindo linashika, mji unapumua, jina linasema. Pindo likipiga kelele, jina halisikiki. Mji ukijaa, jicho halina pa kukaa.

Na kanga tangu mwanzo ni mtoto wa maoni. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19, wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walinunua vitambaa vya leso vilivyokuwa vikiuzwa kwa jora. Badala ya kukata kimoja kimoja, wakakata vikiwa vimeshikana, wakaviunga upande kwa upande kupata nguo moja pana. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wenye maduka wakaona wateja wanachokifanya, wakaagiza nguo nzima ichapwe hivyo. Madoadoa meupe kwenye nguo nyeusi yakawakumbusha watu ndege kanga, na jina likashika. Baadaye zikachapwa Uingereza na Uholanzi, mbali kabisa na wavaaji, lakini hukumu ilibaki barazani. Mama asipoipenda, doti inabaki dukani inakula vumbi. Mwanamke wa pwani hakuombwa maoni kwa maneno. Alitoa maoni kwa kufungua au kutofungua ncha ya kanga yake, pale anapofunga pesa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa nini wengi walisema "nzuri"?

Jibu ni kwamba mimi niliuliza vibaya. "Mnaionaje?" ni salamu. Ukiwapa Waswahili salamu, watakuitikia. Watu wetu ni waungwana. Mtu amekesha wiki mbili, amekuja anatabasamu, nani atamkata maini?

Hebu tuingie jikoni, tutazame wanaojua kuomba maoni. Mama anapika mchuzi. Ameshaonja mara tano, ulimi umezoea, hajui tena kama chumvi imo au haimo. Anafanya nini? Anakuita: "Njoo unionjee." Anachota kidogo, anakudondoshea kiganjani. Je, anakuuliza, "Mchuzi wangu mzuri?" Hata! Anakuuliza, "Chumvi imekolea?" Nawe unajibu, "Bado kidogo," bila aibu, bila kumvunjia heshima. Mambo matatu yapo hapo. Amekuita sufuria ingali motoni. Amekupa kidogo, hakukupakulia sahani. Na amekuuliza kuhusu chumvi, hakukuuliza kuhusu upishi wake.

Mchuzi ukishapakuliwa mezani, wageni wamekaa, kila mtu atasema mtamu. Hata ukiwa chumvi tupu, watasema mtamu, wanywe maji.

Basi ndilo neno langu la leo, nalirudia ulishike: ukitaka maoni juu ya rangi na mpangilio, onjesha, usipakue. Mimi nilipakua. Nilileta kazi iliyokwisha, nikauliza swali la kusifiwa, nikasifiwa.

Sasa tunaonjeshaje rangi? Twende polepole.

La kwanza, onjesha mapema. Anayechapa kanga kwa fremu atakwambia kila rangi ina fremu yake. Rangi tano, fremu tano, na kila fremu ni pesa. Ukishazitengeneza, maoni yanakuwa ghali, na maoni ghali hayasikilizwi. Mimi baada ya simu ya shangazi nilinunua kitambaa cha marekani, nikakikata kwa kipimo cha kanga, nikapaka rangi zile zile kwa brashi, ovyo ovyo, bila maua yenye vijishipa. Na ajabu ni kwamba kazi mbichi huwapa watu ujasiri. Mtu akiona alama za penseli hajioni anakuvunjia nyumba. Anajiona anakusaidia kupanga matofali.

La pili, onjesha mahali kazi itakapoishi. Picha ya simu inawaka kwa mwanga wake, lakini kitambaa hakina taa ndani yake, kinategemea mwanga kinaoupata. Njano iliyokuwa inacheka kwenye simu, kwenye marekani ilibadilika sura. Kwa hiyo nilitundika kitambaa changu kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikakitazama asubuhi, nikakitazama jua la saa saba, na usiku nikakitazama chini ya taa, maana ngoma ya harusi ni usiku. Kitambaa kimoja, rangi tatu tofauti!

Kisha kanga haitundikwi ukutani, inavaliwa. Nikamwomba dada mmoja wa jirani ajifunge, atembee hatua kumi, anipe mgongo. Lo! Yale maua niliyoyapanga katikati ya mji kwa rula yalikunjwa kiunoni yakapotea. Kilichobaki kuonekana ni pindo na sehemu ya chini ya mji. Nilikuwa nimepanga mchoro wa meza, wakati nguo ni ya kutembea nayo. Wewe unayechora kibao cha duka, kitazame ukiwa ng'ambo ya barabara. Wewe wa kadi, ishike mkononi, kwa ukubwa wake halisi.

La tatu, na hili ndilo kubwa: uliza swali la jicho. Usiulize "unapenda?" Uliza, "Jicho lako limeanza wapi?" Uliza, "Halafu limekwenda wapi?" Uliza, "Ni kitu gani ulichokiona mwisho?" Maswali haya hayana adabu wala utovu wa adabu ndani yake. Mtu anakuambia kilichomtokea. Hawezi kukujibu "nzuri," kwa sababu "nzuri" si mahali.

Nilipouliza hivyo, mjomba wangu akatazama kitambaa, akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Mbona umesahau kuandika jina?" Nikadhani ananitania. Jina lilikuwepo, herufi kubwa, nyekundu juu ya ukanda wa kijani! Hakuliona. Mjomba, kumbe, nyekundu na kijani kwake ni ndugu wanaofanana. Wako watu wa namna hiyo, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, kwa sababu jambo hilo hurithiwa kwa njia inayowagusa wanaume zaidi. Wengi hawajui kama wako hivyo. Lakini si mjomba peke yake. Hata sisi wengine, ile nyekundu na ile kijani zilikuwa na uzito mmoja, macho yakawa yanachezacheza.

Ipo njia rahisi ya kulipima hilo. Ipige kazi yako picha ya nyeusi na nyeupe, simu nyingi zinaweza. Au fumba macho nusu, kama mtu anayetazama juani. Rangi zikinyamaza, kinabaki cheusi na cheupe, kiza na mwanga. Nilipofanya hivyo jina langu likapotea kabisa, kama limetumbukia kisimani. Kumbuka, msikilizaji: kinachotakiwa kusomwa kisitegemee rangi peke yake. Kitegemee kiza na mwanga. Kisutu, ile kanga ya maharusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, imedumu miaka mingi, nami nadhani sababu moja ni hiyo: hata kwenye mwanga hafifu wa taa, unaiona.

Sasa kuna jambo la rangi ambalo lilinichezea, na nataka nikusimulie. Mama mdogo alitazama mji wa kanga yangu, niliokuwa nimeupa rangi ya maziwa, akasema, "Huu mji umechakaa, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya tope." Nikaongeza rangi. Nikapaka upya. Bado umechakaa. Nikakilaumu kitambaa, nikamlaumu muuza rangi.

Kumbe kisa hicho ni cha zamani. Ufaransa, jijini Paris, kulikuwa na mwanakemia aliyeitwa Michel-Eugène Chevreul, msimamizi wa utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi si nyeusi kamili, zimefifia. Akazichunguza. Rangi haikuwa na kasoro. Kilichozifanya zionekane zimefifia ni nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo: rangi humbadilisha jirani yake machoni petu.

Rangi, basi, ni kama watu wa nyumba za kupanga. Tabia ya mtu unaiona kwa jirani aliyepata. Mji wangu wa maziwa ulikuwa msafi. Lakini ulipakana na njano kali, na kando ya njano kali, maziwa yanafanana na jivu. Nilipoiondoa njano, mji ukang'aa bila tone moja la rangi mpya. Mama mdogo alikuwa amesema kweli kwamba kuna uchafu. Hakujua tu uchafu unatoka wapi.

Na hapo tunaingia kwenye la nne: namna ya kupokea. Mgonjwa akienda kwa daktari anasema, "Naumwa hapa." Daktari anamwamini kuhusu maumivu. Lakini mgonjwa akisema, "Nipe sindano ya rangi nyeupe," daktari anatabasamu. Wanaokuangalizia kazi wako hivyo. Wakisema "hapa panaumiza macho," waamini. Wakisema "weka zambarau," usikatae, ila rudi nyuma uulize, "Pana nini hapo mpaka ukatamani zambarau?" Huenda atakwambia pamepooza. Pamepooza, hilo ndilo neno lenye thamani. Zambarau ni dawa aliyoipenda yeye.

Na ukisikia, nyamaza. Najua ni vigumu! Ulimi unawasha, unataka kueleza: "Hapo nilikusudia..." Lakini siku ya harusi hutasimama mlangoni kumweleza kila mgeni ulichokusudia. Kanga itajisemea yenyewe. Kwa hiyo chukua kalamu, andika, sema ahsante. Mmoja akisimama mahali, ni mmoja. Watatu wakisimama mahali pale pale bila kuambizana, chimba hapo.

Tena Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Rangi zetu nyingi zina majina ya vitu. Kijani ni majani. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda, chungwa ni tunda. Na ipo nyekundu ile nzito, iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, tunaiita damu ya mzee. Mtu akikwambia "kijani hiki hapana," mwulize, "Ungependa kijani cha nini? Cha mgomba mchanga au cha mwembe?" Utaona macho yake yanavyofunguka. Ameacha kutoa hukumu, sasa anatazama pamoja nawe.

Je, kila unaloambiwa ulifuate? Hapana, na hapa nataka nisieleweke vibaya. Kwenye pembe nne za kanga yangu nilikuwa nimechora vikonyo vya karafuu. Watu wanne waliniambia nivitoe, havieleweki, vinafanana na misumari. Nikawasikia kuhusu misumari: nikavichora upya, nikavifungua vichwa, vikawa karafuu kweli. Lakini kuviondoa sikuviondoa. Bibi wa bibi harusi alichuma karafuu Pemba, na ada ya shule ya watoto wake ilitoka kwenye mikarafuu hiyo. Hilo halipigiwi kura. Mpishi anauliza chumvi. Haulizi kama leo apike samaki au aache.

Basi tukusanye tulichozungumza kabla muda haujatutupa mkono. Onjesha mapema, sufuria ingali motoni. Onjesha mahali kazi itakapoishi, juani, taani, mwilini. Uliza swali la jicho: limeanza wapi, limekwenda wapi, limekosa nini. Pokea maumivu, dawa itafute mwenyewe. Na lile ambalo ni moyo wa kazi yako, lijue mapema, ulilinde.

Na wewe unayeombwa maoni, nina neno nawe pia. Ukionyeshwa kazi ya mwenzako, usimsalimie. Mpe hata kitu kimoja ulichokiona: "Jicho langu limekwama hapa." Sentensi moja ya hivyo inapita makofi ya ukoo mzima.

Najua unataka kusikia harusi iliishaje. Kanga ilichapwa. Pindo la damu ya mzee, mji wa rangi ya maziwa, tawi moja tu la yasmini limepanda upande wa chini ili lisifungwe kiunoni, karafuu kwenye pembe, na jina kwa herufi nyeusi juu ya mji mweupe. Mjomba alilisoma akiwa ng'ambo ya ua, kwa sauti, watu wote wakageuka.

Shangazi alijifunga yake, akajitazama mbele, akajitazama nyuma. Mimi nimesimama kando, moyo unadunda, nasubiri. Sikumwuliza "unaionaje?" Nimeshajifunza. Akapitisha kidole kwenye pindo, akainua ncha akaitazama kwenye taa, akanigeukia.

"Zimebaki doti ngapi?"

Msikilizaji, tukutane wiki ijayo wakati kama huu. Kazi yako ya wiki: mtafute mtu mmoja, mwonyeshe kitu ambacho hujakimaliza. Usiku mwema.